Ngao iliyopasuka moto ulipopungua

Tarehe 11 Desemba 2022, miaka 50 kamili tangu Apollo 17 itue mwezini, kapsuli ya Orion, chombo cha kubebea wanaanga cha NASA, shirika la anga la Marekani, ilishuka kwa miamvuli mitatu na kutua kwenye Bahari ya Pasifiki, karibu na rasi ya Baja California. Ndani hamkuwa na mtu. Kiti cha kamanda kilikaliwa na sanamu iliyovalishwa suti ya mwanaanga, na pembeni yake sanamu mbili za kiwiliwili zilizowekwa kupima mionzi. Safari hiyo, Artemis I, ilikuwa imechukua siku 25 na ushei kuuzunguka mwezi na kurudi, na karibu kila kitu kilikwenda vizuri. Meli ya jeshi la maji la Marekani, USS Portland, ikaiopoa kapsuli na kuipeleka San Diego. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imerudishwa Kennedy Space Center, Florida, ilikoondokea Novemba 16.

Penye maneno palikuwa chini yake.

Tako la Orion ni ngao ya joto, sahani kubwa yenye kipenyo cha mita 5. Wahandisi walitarajia kukuta uso mweusi uliolika sawasawa, kama mche wa sabuni uliofulia wiki nzima. Weusi waliukuta, lakini uso wenyewe ulikuwa na vidonda. Katika sehemu zaidi ya 100 vipande vya mkaa vilikuwa vimebanduka na kuacha mashimo, mithili ya ukuta wa zamani wa chokaa ulioliwa na chumvi ya bahari. Kitu kilichotakiwa kulika kidogo kidogo kilikuwa kimemeguka.

NASA walilitaja jambo hilo hadharani Machi 2023, kwa lugha ya kistaarabu sana: mkaa umeondoka tofauti na kompyuta na majaribio ya ardhini yalivyokadiria. Picha zenyewe watu walikuja kuziona vizuri Mei 2024, ofisi ya mkaguzi mkuu wa NASA ilipozitia kwenye ripoti yake. Ukisoma kauli ya kwanza kisha ukatazama zile picha, unaelewa kwa nini mkaguzi aliona haja ya kuzichapisha.

Mimi kisa hiki nakitazama kwa jicho la fundi. Nimeshinda miaka kadhaa kwenye banda la boti za faiba, nikichanganya resini na hadena, nikitandaza mkeka wa faiba kwenye kalibu na kufukuza viputo kwa rola. Bandani kuna jambo moja ambalo kila anayejifunza huimbiwa mpaka alichoke: kiputo usikiache. Boti ikianikwa juani, hewa iliyofungiwa ndani hutanuka, na baada ya muda uso wa juu hutoa malengelenge kama mkono uliomwagikiwa chai. Kwa hiyo nilipoziona picha za ngao ya Orion, kabla sijasoma hata mstari mmoja, nilichowaza ni gesi. Wala sikuwa mjanja. Ni mazoea ya kazi.

Halafu kuna siku kipande cha faiba kilidondokea kwenye jiko letu la chai. Kikashika mwali wa njano wenye moshi mweusi tititi, masizi yakaelea bandani kama nzi. Moto ulipokwisha nikakitoa kwa koleo. Resini yote ilikuwa imekwenda. Kilichobaki ni kitambaa cha kioo kitupu, chenye vumbi la masizi, kinachokunjika kama leso. Ile ilikuwa resini ya poliesta, ya bei nafuu, ambayo ikipata moto hugeuka karibu yote kuwa gesi na kutoroka.

Resini ya ngao ni ya ukoo mwingine, na ukoo huo unao jikoni kwako. Mpini mweusi wa kikaango cha zamani ni resini ya fenoli, aina aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907. Ukiusahau juu ya mwali wa gesi hauyeyuki kama ndoo ya plastiki. Kwanza unatoa vipele, unanuka kama dawa ya kusafishia vyoo, unapasuka hapa na pale, kisha unageuka mkaa mgumu ambao bado una umbo la mpini. Molekuli zake zimejaa pete za kaboni zilizofungamana kila upande. Joto likikata viungo vya pembeni, pete zenyewe hushikana upya na kuwa mkaa. Takriban nusu ya uzito wa resini ya fenoli, na wakati mwingine zaidi, hubaki kama kaboni. Hicho kinachobaki ndicho mwanaanga anachokitegemea.

Nyenzo ya ngao ya Orion inaitwa Avcoat. Kampuni ya Avco iliibuni miaka ya 1960 kwa ajili ya Apollo, na tarehe 9 Novemba 1967, katika Apollo 4, ilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa kasi inayofanana na ya kurudi kutoka mwezini. Ndani yake kuna resini ya epoksi ya aina ya novolaki, ambayo ni mtoto wa fenoli. Kuna nyuzi za silika, yaani kioo kisafi kinachostahimili joto kuliko kioo cha dirisha. Na kuna viputo vidogo mno vya resini ya fenoli, vitupu ndani, vilivyochanganywa kama unga ili nyenzo iwe nyepesi na isipitishe joto upesi. Fundi wa boti akiambiwa kuna watu wanaotia viputo kwa makusudi atacheka, lakini hivi ni vya kupimwa, si vya uzembe.

Sasa tuitie moto, maana hapa ndipo kisa kinapoiva.

Kapsuli inayorudi kutoka mwezini huingia angahewa kwa kasi ya kilomita 11 hivi kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha. Hugandamizwa mpaka ikawaka, na nje ya ngao joto hufika karibu nyuzi joto 2,760 za Selsiasi, kama nusu ya joto la uso wa jua. Lakini chini ya uso huo, sentimita chache tu ndani, gundi inayoshikilia ngao inatakiwa isijue kama kuna moto.

Resini haifiki kwenye moto huo kwa mkupuo. Joto hupenya kutoka juu kwenda chini kama unyevu unavyopanda ukutani, na kila tabaka hupita hatua zake. Kwanza hutoka maji na masalia madogo ambayo hayakushikana vizuri wakati wa kukaushwa. Ikipita nyuzi 300 hivi, viungo vya molekuli vinaanza kukatika, na hapo hutoka gesi nyingi: mvuke wa maji, methani, kaboni monoksidi, hidrojeni, na fenoli yenyewe. Joto likizidi kupanda gesi hupungua, na kinachobaki ni mkaa wenye vitundu vingi, ambao nyuzi za silika zinaushikilia kama nyasi zinavyoushikilia udongo wa kukandikia nyumba. Juu kabisa, panapozidi nyuzi 1,700, silika nayo hulainika na kuwa kioo kizito kinachovutika kama asali, na sehemu yake huungana na kaboni na kutoa gesi zaidi.

Aliyewahi kukaa karibu na tanuri la mkaa shambani ameiona kazi hii ikifanyika polepole. Magogo yamefunikwa nyasi na udongo, hewa imebanwa, na mchoma mkaa anatazama rangi ya moshi. Mwanzoni ni mweupe mzito, maana mti unatoa maji. Baadaye unageuka, na unapokuwa mwembamba wa buluu anajua mti umekwisha kuwa mkaa. Lakini hata siku moja hatalifunika tanuri lake bila kuacha matundu ya moshi. Gesi lazima ipate pa kutokea.

Katika ngao, gesi hiyo ndiyo askari wa kwanza. Kukata viungo vya resini kunakula joto. Gesi ikipita kwenye vitundu vya mkaa inaupooza mkaa. Ikitoka nje inaisukuma hewa ya moto isiuguse uso. Mkaa wenyewe unang'aa na kurudisha joto angani, na chembe zake zinazochukuliwa na upepo zinaondoka na joto lao. Ngao ya namna hii inalinda kwa kuliwa, ila iliwe kwa mpangilio.

Gesi isipopata njia? Hilo nalo linajulikana kwa kila anayepikia mkaa. Umetia makaa jikoni, umeinama kupepea, mara pa! kipande kinaruka na kukutobolea kanga. Ndani yake kulikuwa na unyevu au gesi iliyopashwa moto upesi kuliko ilivyoweza kutoka. Kilichotokea kwenye ngao ya Orion ni hicho hicho, katika sehemu zaidi ya mia, kwa kasi kubwa kuliko ya risasi. Kazi iliyobaki kwa wachunguzi ilikuwa kueleza kwa nini gesi ilikosa njia, na kwa nini majaribio yote ya kabla ya safari hayakuwahi kuonyesha kitu hicho.

Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa muundo mpya. Ngao za Apollo zilitengenezwa kwa sega, mfano wa sega la nyuki, la kioo na resini ya fenoli, lenye vyumba zaidi ya 370,000. Kila chumba kilijazwa Avcoat kwa mkono, kwa bomba maalumu, kimoja kimoja. Fikiria kazi hiyo. Mtu amesimama zamu nzima akijaza vitundu, na kitundu chenye pengo kichokorwe na kujazwa upya. Orion ilipojaribiwa mara ya kwanza angani, tarehe 5 Desemba 2014, bado ilivaa ngao ya sega, yenye vyumba kama 320,000. Ilirudi salama, lakini wahandisi hawakuridhika na nguvu za nyenzo wala na muda uliotumika. Kwa Artemis I wakaachana na sega. Avcoat ikamiminwa kuwa mabonge, yakakatwa vitofali 186, vikagundishwa kwenye kiunzi kama marumaru za bafuni na nafasi kati yao zikazibwa.

Mimi nisingewalaumu. Bandani kwangu ningefanya hivyo hivyo: kitofali unakikagua kabla hujakigundisha, chumba cha sega huwezi. Ni kweli sega lilikuwa na faida yake, kwamba kuta zake ndogo ziliukamata mkaa usiondoke kwa bonge kubwa. Lakini sababu iliyokuja kutangazwa ilikuwa kwingine.

Ilihusu njia ya kurudi. Kapsuli za Apollo zilikuwa na uwezo wa kusafiri kama kilomita 2,800 baada ya kuigusa angahewa. Orion imeundwa iweze kufika kilomita 8,900. Inafanya mchezo wa watoto wa pwani, wa kurusha kigae bapa juu ya maji kikaruka. Inazama kwenye angahewa, inatumia umbo lake kujiinua, inatoka kwenye hewa nzito, kisha inazama tena mara ya mwisho. Faida zake si za kubeza. Unaweza kuilenga kapsuli itue karibu na pwani ya Marekani, hata kama imeiingia angahewa mbali sana, na mkandamizo kwa wanaanga unagawanywa mara mbili badala ya kuwajia wote kwa pamoja. Kabla ya Artemis I NASA hawakuwa wamekirudisha chombo cha kubebea watu kwa mruko wa namna hii.

Kati ya mbizi ya kwanza na ya pili kuna muda ambao moto wa nje unapungua. Mtu wa kawaida angeona hapo ndipo ngao inapopumzika. Mpishi hawezi kudanganyika hivyo. Wali ukiuepua unaendelea kujiiva, na ndiyo maana ukikaribia kuiva tunapunguza moto wa chini tukapalia makaa juu ya mfuniko. Joto lililokwisha kuingia haliulizi kama jiko limezimwa. Ndani ya Avcoat joto la mbizi ya kwanza liliendelea kushuka, likaikuta resini mbichi, nayo ikaendelea kutoa gesi. Huku juu, moto ulipolegea, mkaa haukuendelea kukomaa wala kuliwa kwa kasi ya mwanzo. Gesi inazalishwa chini, na mlango wa juu umebanwa. Shinikizo likapanda mpaka mkaa ukapasuka, na vipande vikabanduka.

Kuufikia ufafanuzi huo kuliwachukua karibu miaka miwili. Sampuli zipatazo 200 zilikatwa kwenye ngao iliyorudi na kuchunguzwa katika kituo cha Marshall, Alabama. Kapsuli yenyewe ilikuwa imesheheni vipimo vya joto na shinikizo, vingine vimezikwa ndani ya Avcoat kwa kina tofauti. Yakafanyika majaribio 121 katika awamu nane. Yaliyoamua kesi yalikuwa ya kituo cha Ames, California, ambako kuna mitambo inayopitisha hewa kwenye cheche kali ya umeme isiyokatika mpaka igeuke upepo wa moto, kisha upepo huo unapigishwa kwenye kipande cha ngao. Huko ndiko walikoweza hatimaye kuutengeneza ule ufa kwa makusudi.

Mitambo hiyo ilikuwepo kabla ya safari, na Avcoat ilikuwa imekwisha kuchomwa humo. Ila ilichomwa kwa moto mkali kuliko ilioukuta angani. Mantiki ilikuwa ile ya kila fundi. Ukitaka kuiamini kamba ya kuvutia boti, itundikie uzito kuliko itakaoubeba. Ukitaka kuliamini tangi, lijaze shinikizo kuliko la kazi. Kikipita kwenye kubwa, kidogo kitapita chenyewe. Mimi nimeishi kwa kanuni hiyo na sijawahi kuijutia.

Kwa resini inayoungua, kanuni hiyo ina tundu. Moto mkali uligeuza uso wa Avcoat kuwa mkaa wenye vitundu upesi, na kuuchonga upesi, kwa hiyo gesi ilipata njia kadiri ilivyozaliwa. Moto wa wastani wa angani ulichelewesha mkaa huo kukomaa, lakini ukawa unatosha kabisa kuzalisha gesi. Jaribio gumu lilikuwa limeificha hatari ya jaribio jepesi. Mfinyanzi angeshangaa, maana yeye hupasha vyungu taratibu akijua moto wa ghafla ndio unaopasua chungu chenye unyevu. Huku moto uliolegea katikati ya safari ndio uliopasua.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote haukutoka kwenye mtambo wowote. Ulikuwa kwenye ngao yenyewe. Avcoat ya Artemis I haikuwa sawa kila mahali; kulikuwa na sehemu ndogo ambazo kwa asili ya utengenezaji wake ziliruhusu gesi kupenya. Ngao ileile, safari ileile, moto uleule, na sehemu hizo hazikupasuka wala kubanduka. Yaani chombo kilirudi na jaribio lake na jibu lake vikiwa vimebandikwa chini. Nikiwa mwalimu ningeanza somo na picha hiyo, halafu ndiyo nije kwenye hesabu.

Hatari ilikuwa kubwa kiasi gani? Vipimo vya ndani vilionyesha kwamba kama watu wangekuwemo wangekaa kwenye nyuzi 24 hivi, joto la asubuhi ya Julai Dar es Salaam. Ngao haikutoboka, na gundi haikuguswa. Lakini ripoti ya mkaguzi ilikumbusha kwamba vipande vinavyobanduka vina pa kwenda, na huko nyuma kuna miamvuli. Ilitaja pia bolti zinazounganisha kapsuli na sehemu ya huduma, ile ya nyuma yenye injini na umeme, ambazo ziliyeyuka na kulika kuliko ilivyotarajiwa. Hilo ni tatizo jingine lenye marekebisho yake, naliacha.

Tarehe 5 Desemba 2024 mkuu wa NASA wakati huo, Bill Nelson, alitangaza sababu na uamuzi. Jopo huru lililoongozwa na Paul Hill, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa safari wa NASA, lilikuwa limepitia uchunguzi na kukubaliana na chanzo. Ratiba ya Artemis II, ya kuwapeleka Reid Wiseman, Victor Glover, Christina Koch na Jeremy Hansen kuuzunguka mwezi, ikasogezwa hadi Aprili 2026. Ngao yao ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye kapsuli tangu 2023, ya vitofali vya aina ileile. Haitabanduliwa, wakasema. Kitakachobadilishwa ni njia ya kurudi. Avcoat yenye kupitisha gesi kwa usawa itaanza kwenye vitofali vya safari zinazofuata.

Hapo watu waligawanyika, na sioni aibu kusema hata mimi niligawanyika ndani yangu. Mpinzani aliyesikika zaidi ni Charles Camarda, mtafiti wa zamani wa NASA na mwanaanga aliyeruka na Discovery mwaka 2005, safari ya kwanza baada ya ajali ya Columbia. Mtu wa safari hiyo ana haki ya kuwa na wasiwasi kuhusu ngao. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilisambaratika na watu saba wakafa, kwa sababu ya tundu kwenye ukingo wa bawa, uliotengenezwa kwa kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Na nyenzo hiyo, kwa taarifa yako, nayo huanza maisha kama kitambaa kilicholoweshwa resini kisha kikachomwa mpaka kibaki mkaa mtupu. Camarda na wenzake wanasema kuijua sababu ya ufa hakutoshi. Unatakiwa uweze kutabiri utaanzia wapi, utakua kiasi gani na utasimama wapi.

Hoja hiyo ina uzito. Gesi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namna mkaa unavyovunjika, na mkaa ni kitu kigumu kukifanyia hesabu. Kipande kimoja kina vitundu vingi, cha jirani yake vichache, na nyuzi zimelala kila upande. Tofauti na chuma, hakuna kitabu utakachofungua ukapata nguvu za mkaa wa Avcoat kwenye nyuzi 1,200 ukisukumwa na gesi kutoka chini. Unapima, unapima tena, na majibu yanapishana.

Pamoja na hayo, ukinilazimisha nichague, nasema uamuzi wa kubadilisha njia ulikuwa na akili kuliko unavyosikika. Ukilisikia juu juu, "ngao mbovu, basi tubadilishe njia," unadhani ni ujanja wa kukwepa gharama. Gharama zilikuwemo, nani asiyejua. Lakini kama kilichopasua ngao ni muda ule wa moto kulegea, basi kuukata muda huo ni kulishika tatizo shingoni. Kinachoniuma ni kwingine: kwamba vitofali viligundishwa kwenye chombo cha watu wanne miezi michache baada ya kile cha kwanza kurudi na vidonda, wakati sababu haijajulikana. Bandani, boti ya kwanza ikitoa malengelenge, ya pili haipakwi resini mpaka tujue kulikoni.

Basi ngao ya Artemis II ikaachwa palepale ilipogundishwa. Kwenye kompyuta za kuongoza kapsuli yakabadilishwa maelekezo ya mruko: ishuke kwa mwinamo mkali zaidi, na kipindi kati ya mbizi mbili kifupishwe. Kwa wanaanga maana yake ni kutua karibu zaidi na pale wanapoigusa angahewa. Kwa resini maana yake ni moto unaokaa juu bila kusita, mkaa unaochongwa kadiri unavyokomaa, na gesi inayotoka kabla haijapata wasaa wa kujikusanya.